Chuo Kidogo cha Marekani Kinachomfaa Mtoto Wako

Mwaka 1960 msichana wa Nyeri aliyetoka kumaliza masomo Loreto Limuru alipanda ndege kwenda Marekani pamoja na mamia ya vijana wa Afrika Mashariki, katika ule mpango wa Tom Mboya ambao mwaka huo ulipata fedha kutoka taasisi ya familia ya Kennedy. Hakwenda Harvard wala Yale. Alikwenda Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas, akaingia Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto. Akasoma biolojia, akahitimu mwaka 1964, akafanya shahada ya uzamili Pittsburgh, kisha akarudi nyumbani. Huyo ni Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Katika habari hiyo kuna jambo ambalo wazazi wengi hulipita haraka. Wangari alikuwa amekaa bweni chini ya masista tangu shule ya msingi pale misheni ya Mathari. Nchi ilikuwa ngeni, chakula kigeni na baridi ngeni, lakini kengele ya asubuhi, kanisa na saa za kujisomea alikuwa amevizoea. Naamini nguvu ambazo mwanafunzi mwingine angezimaliza katika kujifunza namna ya kuishi, yeye aliweza kuzipeleka darasani.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu wazazi wanaotaka kupeleka watoto Marekani, hata wale ambao tayari wanaishi huko, huanza karibu wote na majina yaleyale manane au kumi. Ni vyuo vinavyokubali waombaji wasiofika kumi katika kila mia, na kimoja kimoja hata watano hawafiki. Mtoto anajibanza kwenye orodha hiyo miaka miwili, anakataliwa kote, na nyumba nzima inaona ameshindwa. Kumbe vyuo vingi vya miaka minne Marekani hukubali zaidi ya nusu ya wanaoomba, na miongoni mwake kuna vinavyofundisha vizuri sana. Ushauri wangu ni kwamba utafutaji uanze na aina ya maisha ambayo mtoto huyu anaweza kuyaishi kwa miaka minne akiwa na afya, marafiki na hamu ya kusoma. Jina la chuo lije baadaye.

Hapa nazungumzia vile vyuo ambavyo Wamarekani huviita liberal arts, nami nitaviita vyuo vya elimu pana. Kwa kawaida kimoja kina wanafunzi kati ya 1,000 na 2,500, karibu wote wa shahada ya kwanza. Hakuna kundi la wanafunzi wa uzamivu la kuachiwa kazi ya kufundisha mwaka wa kwanza. Profesa anaingia darasani mwenyewe, anasahihisha insha mwenyewe, na baada ya mwezi anakujua kwa jina. Mwanafunzi huishi kampasi, hachagui fani siku ya kwanza, na anaweza kusoma kemia pamoja na muziki bila mtu kumshangaa. Kwa mtoto aliyepangiwa tahasusi kidato cha tano kwa kufuata alama tu, bila kuulizwa anapenda nini, hii ni nafasi ya kuanza upya.

Kwanza tuondoe woga wa kiwango cha udahili. Kiwango hicho kinaonyesha ni wangapi waliomba na wangapi walikataliwa. Hakisemi lolote kuhusu yanayotokea darasani. Chuo kilichozungukwa na mashamba ya mahindi ya Iowa hupata waombaji wachache kwa sababu vijana wa Marekani wanapenda miji mikubwa na pwani, hata kama profesa wake wa fizikia ni hodari kuliko wenzake wa Boston. Mtu aliyelisema hili kwa sauti kubwa ni Loren Pope, aliyewahi kuwa mhariri wa elimu wa gazeti la New York Times. Mwaka 1996 alitoa kitabu kiitwacho Colleges That Change Lives, akitaja vyuo 40 ambavyo vingi vilikubali waombaji wengi na bado vikatoa wahitimu wa kutajika. Baadaye likaundwa shirika lenye jina hilohilo linaloendelea kuvitangaza vyuo vya aina hiyo. Kama hujui pa kuanzia, orodha yao ni mlango mzuri. Ila usiichukue kama msahafu, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Sasa mkae na mtoto, tena bila kompyuta. Muulize maswali ya maisha yake. Anapenda kuwa na watu wengi au wachache? Akikosea mbele ya darasa hunyamaza wiki nzima au husahau kabla ya jioni? Anataka mahali ambapo dini yake ni sehemu ya siku, au anataka nafasi ya kuitafuta mwenyewe? Pombe ikiwa chumba cha pili kila Ijumaa, atalala? Amewahi kuwa mtu mweusi pekee ndani ya chumba? Anahitaji jiji, au kelele za jiji humchosha? Majibu yake yaandikwe. Kila mtu mzima nyumbani ayasome na asibishane nayo, kwa maana hapa ndipo wazazi huharibu: mtoto anasema anapenda utulivu, baba anaandika New York.

Vyuo hivi vinatofautiana kwa tabia kuliko vinavyotofautiana kwa alama, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo penye uamuzi wenyewe.

Earlham, kilichoko Richmond, Indiana, kilianzishwa na Waquaker mwaka 1847. Huko mwanafunzi humwita profesa kwa jina lake la kwanza, na profesa vilevile. Mambo mengi huamuliwa kwa kusikilizana hadi wote wakubaliane, badala ya kupiga kura. Hakuna vile vyama vya undugu vya herufi za Kigiriki ambavyo katika vyuo vingine ndivyo vinavyotawala sherehe. Wanafunzi kutoka nje ya Marekani ni wengi kwa chuo cha ukubwa huo. Kwa msomaji wa Vihiga au Kakamega, Quaker si jina geni: misheni ya Kaimosi ilianza mwaka 1902, Kenya leo ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na makao makuu ya Friends United Meeting, ambayo makanisa mengi ya Friends ya Kenya ni wanachama wake, yako katika mji huohuo wa Richmond. Kijana wa kanisa hilo atakuta jambo analolifahamu kabla hajafungua begi. Lakini mtoto aliyezoea kusimama mwalimu anapoingia atapata tabu wiki za mwanzo, na yule anayetaka kuambiwa wazi lililo sahihi na lisilo sahihi anaweza kuchoshwa na mikutano isiyokwisha.

Tabia nyingine kabisa utaikuta St. John's College, chenye kampasi mbili, Annapolis katika Maryland na Santa Fe katika New Mexico. Tangu mwaka 1937 wanafunzi wote husoma mpango mmoja wa vitabu vikuu, wakianza na Wagiriki wa kale, na wanajifunza Kigiriki chenyewe. Hakuna kuchagua fani. Darasa ni meza, kitabu na mabishano ya heshima. Chuo hicho kilipunguza ada mwaka 2019 kutoka zaidi ya dola 50,000 hadi 35,000 kwa mwaka, jambo ambalo vyuo vya Marekani hulifanya kwa nadra. Ukiwa na binti anayesoma hadi usiku wa manane na kugombana na mwandishi ukurasa kwa ukurasa, mwonyeshe chuo hiki. Ukiwa na kijana anayetaka uhandisi au uuguzi, msipoteze muda.

Cornell College, ambacho si Cornell cha New York, kiko Mount Vernon, Iowa. Tangu mwaka 1978 kinafundisha somo moja kwa wakati mmoja: wiki tatu na nusu za uchumi tu, mapumziko mafupi, kisha wiki tatu na nusu za biolojia tu. Mtoto anayezama akipewa masomo saba kwa pamoja anaweza kung'aa hapo. Lakini pimeni na upande wa pili. Akiugua malaria aliyotoka nayo nyumbani akalala wiki moja, amekosa karibu theluthi ya somo zima. Familia za Wakongomani zilizohamia Cedar Rapids na Iowa City zina chuo hiki karibu na mlango, na nimeshangaa mara nyingi kuona jinsi wazazi wa huko wanavyokijua chuo kikuu cha jimbo peke yake.

Kwa familia za kanisa kuna njia ambazo tayari zimekanyagwa. Mmenno wa Mara, ambaye kanisa lake lilianzia Shirati mwaka 1934 kwa wamisionari kutoka Marekani, ana jamaa wa imani katika Goshen College, Indiana, na Eastern Mennonite University, Virginia, ambako amani na huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo na maisha ni ya kiasi. Mlutheri wa Iringa anajua Bega Kwa Bega, ule ushirikiano wa dayosisi yake na sinodi ya Saint Paul, Minnesota. Basi ajue pia kwamba Minnesota na Iowa zina vyuo vya Kilutheri kama Gustavus Adolphus na Luther College, ambavyo hukubali waombaji wengi na ambako kwaya ni jambo zito. Mtoto aliyekulia kwenye kwaya ya usharika atapata marafiki kwa wimbo kabla hajazoea lafudhi za watu. Kwa wazazi Wakatoliki wanaotaka malezi kama yale ya Peramiho au Ndanda, Wabenedikto wana College of Saint Benedict cha wasichana na Saint John's University cha wavulana, Minnesota, vinavyochangia masomo ingawa kila kimoja kina kampasi yake. Hata hivyo msidhani neno "kanisa" kwenye tovuti lina maana moja kila mahali. Kuna vyuo vinavyomtaka mwanafunzi asaini ahadi ya mwenendo na kuhudhuria ibada kwa lazima. Kuna vingine ambavyo msalaba umebaki kwenye nembo tu. Ombeni kitabu cha kanuni za wanafunzi mkisome.

Muislamu wa Mombasa, Zanzibar au Muscat ana Zaytuna College, Berkeley, California, chuo cha Kiislamu cha elimu pana kilichoanzishwa mwaka 2009 na kupata ithibati mwaka 2015. Ni kidogo sana na mtaala wake umejengwa juu ya Kiarabu na elimu za dini pamoja na falsafa, kwa hiyo hakimfai kila mtu. Katika vyuo vingine swali la kuuliza ni la jikoni. Chakula cha halali kinapatikana bwaloni kila siku au Ijumaa peke yake? Mwezi wa Ramadhani bwalo hutoa futari, na daku je? Kuna chumba cha kuswalia kisichohitaji kuombewa ufunguo? Ofisi ya udahili ikijibu haya kwa ufasaha, jua wameshaishi na Waislamu. Wakijibu kwamba wanakaribisha tamaduni zote bila kutaja sahani hata moja, endelea kutafuta.

Halafu kuna vyuo vya Wamarekani weusi. Kwame Nkrumah alihitimu kimojawapo, Lincoln University ya Pennsylvania, mwaka 1939. Fisk cha Nashville, Dillard cha New Orleans na Tougaloo cha Mississippi ni vidogo, vina historia nzito, na havina milango migumu kama ile ya majirani zao maarufu. Mwafrika kutoka Dodoma na Mmarekani mweusi kutoka Mississippi hawakukua na mambo mamoja, na mtoto aende akijua atajifunza historia isiyokuwa yake. Lakini hatakuwa mweusi pekee katika kila darasa, wala hatageuzwa msemaji wa bara zima kila Afrika inapotajwa. Kwa vijana wengine jambo hilo pekee linatosha kuamua.

Mkishapata vyuo kumi na viwili hivi, ndipo kazi ya kuchunguza inaanza, na hapa tovuti ya chuo ni shahidi dhaifu. Picha zote zina jua, nyasi na vijana watatu wa rangi tatu wakicheka. Someni gazeti la wanafunzi. Knox College cha Galesburg, Illinois, kina The Knox Student. Wooster cha Ohio kina The Wooster Voice. Beloit cha Wisconsin kina The Round Table. Someni matoleo ya muhula mzima. Mtajua wanafunzi wanalalamikia nini, nani amefukuzwa kazi, idara gani inafungwa, na kama kuna mtu anayeandika kuhusu wanafunzi wa kigeni nje ya ile siku ya chakula cha kimataifa.

Kisha tafuteni hati iitwayo Common Data Set, ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka. Sehemu F inaonyesha asilimia ya wanafunzi wanaoishi kampasi, wanaotoka nje ya jimbo, na waliojiunga na vyama vya herufi za Kigiriki. Tarakimu hizo zina habari ya kutosha kuhusu Jumamosi. Chuo ambacho wengi ni wenyeji na nusu hawalali kampasi huwa kitupu kuanzia Ijumaa jioni. Wenzake wanakwenda kwao kufua nguo, na mtoto wako anabaki na ukumbi mrefu na mashine ya soda. Ambapo nusu ya wanafunzi wamo kwenye vyama, asiyejiunga anaweza kukaa nje ya karibu kila sherehe. Sehemu B inaonyesha wangapi wa mwaka wa kwanza walirudi mwaka wa pili. Mimi huitazama hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa wanafunzi walioondoka wamekwisha kupiga kura yao.

Kuhusu pombe na usalama, sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iitwayo Clery Act inakilazimu kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kutoa ripoti kila mwaka ifikapo tarehe 1 Oktoba, ikionyesha makosa ya jinai, na pia wangapi walikamatwa au kupelekwa kwenye nidhamu kwa pombe na dawa za kulevya. Namba kubwa huweza kumaanisha ulevi mwingi, au huweza kumaanisha walinzi makini. Linganisheni miaka mitatu na vyuo viwili vya ukubwa mmoja kabla ya kutoa hukumu.

Mambo madogo mengine huamua furaha kuliko yote hayo. Mabweni yanafungwa likizo ya Krismasi? Yakifungwa, mtoto asiye na ndugu Marekani atalala wapi wiki tatu za theluji? Kuna basi au treni? Galesburg ina stesheni ya treni iendayo Chicago. Miji mingi ya aina hii haina chochote, na asiye na gari hutegemea hisani ya rafiki hata kununua dawa ya meno. Nani anasuka nywele? Duka la karibu lenye unga wa ugali liko umbali gani? Msione haya kuuliza. Iombeni ofisi ya udahili iwaunganishe na wanafunzi wawili wa Afrika Mashariki, na mkizungumza nao msiulize kama wanakipenda chuo, kwani watasema ndiyo kwa adabu. Waulizeni Jumamosi iliyopita walifanya nini tangu asubuhi hadi usiku. Mtapata picha kamili.

Tuje kwenye pesa, na hapa nawaomba msidanganyane. Bei inayotangazwa, ya masomo, chumba na chakula, mara nyingi ni dola 60,000 au zaidi kwa mwaka. Vyuo binafsi vya Marekani hupunguza. Kwa wastani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupunguziwa zaidi ya nusu ya ada ya masomo. Hata hivyo chuo kinachokubali waombaji wengi hakina hazina kama ya Harvard. Kitamkubali mtoto kwa furaha, kitampa dola 30,000 kwa alama nzuri, na kitabakiza 30,000 ambazo hamna. Dola 20,000 tu ni zaidi ya shilingi milioni 2.5 za Kenya, kila mwaka, mara nne. Kwa hiyo kiwango cha udahili cha jumla si kiwango cha mtoto anayetoka nje na kuomba msaada. Fungueni tena Common Data Set, sehemu H, kipengele cha 6: hapo chuo kinaandika ni wanafunzi wangapi wa kigeni waliopata msaada wake na wastani ulikuwa dola ngapi. Ukiutoa wastani huo kwenye bei, umepata makisio ya kile mtakacholipa. Kama hakilipiki, ondoeni chuo hicho leo, kabla mtoto hajakipenda.

Zipo njia chache pembeni. Berea College cha Kentucky hakijatoza ada ya masomo tangu mwaka 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Kinachukua wageni wachache kila mwaka na ushindani ni mkali, kwa hiyo kiombwe pamoja na vingine, kamwe kisiwe peke yake. Aliyemaliza UWC East Africa, Moshi au Arusha, anaweza kunufaika na mpango wa ufadhili wa Davis, ambao vyuo kama Earlham, Luther na Lake Forest vimo. Na wazazi mlioko Marekani, watoto wenu wenye kadi ya ukaazi wa kudumu hawahesabiwi wageni: wajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, maana ruzuku ya Pell peke yake ilifika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25, na majimbo kama Iowa yana ruzuku kwa wakaazi wao wanaosoma vyuo binafsi.

Nilisema orodha ya Pope isichukuliwe kama msahafu. Sababu ni kwamba vyuo vidogo vinakufa. Marlboro cha Vermont, kilichokuwa kwenye kitabu chake, kilifunga mwaka 2020. Birmingham-Southern cha Alabama kilifunga Mei 2024. Wells cha New York kilitangaza mwisho wa Aprili 2024 kwamba hakitafungua tena baada ya muhula ule, na wanafunzi wakabaki na wiki chache za kutafuta pa kwenda. Watoto wanaozaliwa Marekani wamepungua tangu mwaka 2008, na chuo chenye madeni na wanafunzi 700 hakina pa kuegemea. Kwa mwanafunzi wa kigeni kufungwa kwa chuo ni zaidi ya usumbufu, kwa kuwa viza yake imefungamana na chuo hicho. Basi angalieni idadi ya wanafunzi kwa miaka mitano. Ikishuka kila mwaka, ulizeni kwa nini. Wizara ya Elimu ya Marekani hukipa kila chuo binafsi alama ya uwezo wa kifedha kati ya -1 na 3, na 1.5 kwenda juu ndiyo inayohesabiwa salama. Shirika linalokipa chuo ithibati huandika wazi kikiwa chini ya uangalizi. Chuo kikiwa kwenye uangalizi kwa ajili ya fedha, mimi simshauri mtoto wa mtu kwenda, hata kama kila kitu kingine kinamfaa. Sweet Briar cha Virginia kilitangaza kufungwa mwaka 2015 na wahitimu wake wakakiokoa kwa michango, lakini hilo ni jambo la nadra.

Kalenda nayo ina faida yake hapa. Matokeo ya KCSE hutoka karibu na mwaka mpya, na ya kidato cha sita Tanzania hutoka Julai, wakati vyuo maarufu vimefunga maombi mwanzoni mwa Januari. Vyuo vinavyokubali wengi mara nyingi hupokea maombi hadi Februari, Machi au baadaye, na vingi havitozi ada ya maombi. Kila Mei, chama cha washauri wa udahili cha Marekani, NACAC, hutoa orodha ya vyuo vyenye nafasi zilizobaki, kikionyesha pia vyenye msaada wa fedha na vyumba. Mtanzania wa kidato cha sita kwa kawaida atalazimika kusubiri mwaka mmoja. Autumie kufanya mtihani wa Kiingereza, kusoma magazeti yale ya wanafunzi, na kuandika insha yake mwenyewe. Ofisi za EducationUSA, zikiwemo za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, hutoa ushauri bure. Wakala anayeahidi nafasi ya hakika kwa malipo, mwulizeni kwanza chuo kinamlipa kiasi gani kwa kila mtoto anayempeleka.

Barua zikifika, msikubali siku hiyohiyo. Tarehe ya kawaida ya kuthibitisha ni 1 Mei. Chukueni barua zote, andikeni kwa kila chuo kiasi kitakachobaki kulipwa baada ya msaada, kwa miaka minne, mkiongeza bima ya afya na nauli. Kama chuo mtoto anachokipenda kimezidi kwa dola elfu chache, andikeni barua ya heshima mkieleza kipato cha nyumbani na mkiambatisha barua ya chuo kingine kilichotoa zaidi. Vyuo vya aina hii huongeza mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vinahitaji wanafunzi. Kabla ya kutuma malipo ya kuthibitisha, ulizeni kwa maandishi kama yanarudishwa viza ikikataliwa. Na hata kabla ya hapo, someni tovuti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yenu: mwaka 2025 raia wa Burundi waliwekewa kizuizi cha viza za masomo, na orodha ya nchi ikaongezwa kabla ya mwaka kwisha. Aliyezuiwa aombe kwa maandishi kuahirisha nafasi yake hadi muhula mwingine, na aulize katika barua hiyohiyo kama msaada wa fedha utamsubiri pamoja na nafasi.